Mlango wa Nyuma wa Ukumbi wa Nyarugema

Kila asubuhi, kabla hata ya kunywa uji, Mzee Mwikwabe alikwenda kufungua ukumbi. Hakuna aliyemwagiza awahi namna hiyo. Siku nyingi hapakuwa na mkutano wala sherehe. Lakini yeye ndiye alikuwa mtunza ukumbi wa kijiji cha Nyarugema, na kazi hiyo aliipenda kuliko ng'ombe wake.

Mkewe, Hana, alikuwa akimtania.

"Siku moja unisalimie mimi kwanza, kabla ya huo ukumbi wako."

"Wewe nilishakuoa," alijibu Mwikwabe. "Ukumbi bado nauchumbia."

Nyarugema ni kijiji kilicho kando ya barabara ya kutoka Kibara kwenda Bunda. Watu wake wanalima pamba, wanafuga, na wengine wanavua dagaa ziwani. Ukumbi wao waliujenga kwa mikono yao. Wanaume walifyatua matofali. Wanawake walibeba maji kutoka ziwani, ndoo kwa ndoo. Watoto wa shule walibeba mawe kichwani, kila mtoto jiwe moja kila Ijumaa. Kazi ilichukua miaka saba. Mwishoni halmashauri ilileta paa.

Paa hilo ndilo lilikuwa ajabu. Ukumbi ulikuwa mkubwa, unaingiza watu mia nne, lakini katikati hapakuwa na nguzo hata moja. Watu wa Nyarugema hawakuwahi kuona kitu kama hicho. Siku ya kwanza wengine walivua viatu mlangoni bila kuambiwa.

Mama yake Mwikwabe, Bibi Nyamburi, alivua kandambili zake, akasimama kizingitini, akatazama juu muda mrefu.

"Mwanangu, paa hili linashikiliwa na nini?"

"Kenchi za chuma, mama. Zimeshikana zenyewe kwa zenyewe."

"Zenyewe kwa zenyewe," alirudia bibi. Kisha akaingia, akaenda mpaka katikati, akanyoosha mkono na kupapasa hewani. Alikuwa anatafuta nguzo. Watu walicheka, lakini Mwikwabe hakucheka, maana yeye mwenyewe usiku ule hakulala vizuri kwa furaha na woga.

Tangu siku hiyo kila mgeni aliuliza swali lile lile. Paa linashikiliwa na nini? Mwikwabe alijibu kila mara, na hakuchoka kujibu. Hata nyuki waliupenda ukumbi. Mwaka huu walianza kuingia na kutoka kwenye upenyo mdogo juu ya ukuta, karibu na paa. Mwikwabe aliwaacha. Wazee walikuwa wakisema nyuki wakihamia kwako ni baraka.

"Nao wameona hakuna nyumba kama hii," aliwaambia watu.

Ukumbi ulikuwa na milango miwili. Mlango mkubwa wa mbele ulikuwa wa mbao nzito, wa pande mbili, na ulifungukia ndani. Hivyo ndivyo wazee walivyotaka. Walisema mlango unaofungukia nje unamsukuma mgeni kifuani. Mlango wa nyuma ulikuwa mdogo kidogo, nao ulifungukia ndani.

Mlango huo wa nyuma ulikuwa na kisa chake. Mwaka juzi kulikuwa na harusi kubwa. Wakati watu wa mbele wanapiga vigelegele, wazamiaji, watu wasioalikwa, waliingia kwa mlango wa nyuma. Walikula pilau, wakala nyama, wakabeba hata mifupa. Wakwe walipofika mezani, kutoka Mugango na safari yao yote, walikuta mchuzi mtupu. Ilikuwa aibu kubwa. Mpaka leo mtu wa Nyarugema akienda Mugango anaulizwa kama amekula.

Baada ya aibu hiyo kamati ya ukumbi ilikaa. Iliamua kwamba siku ya sherehe mlango wa nyuma utafungwa kwa kufuli, na ufunguo atakaa nao Mwikwabe. Aliutia kwenye mfuko wa koti lake la kaki. Kisha ghala la ushirika likavuja wakati wa masika, na wakulima wakaomba kuweka magunia machache ya pamba ukumbini, kwa wiki mbili tu. Waliyapanga pale ambapo hapapiti mtu, yaani mbele ya mlango wa nyuma. Wiki mbili zikawa miezi minne. Magunia machache yakawa mengi, yakafika karibu na dirisha.

Mwezi wa saba, zamu ya Mwikwabe mwenyewe ilifika. Binti yake Matrida alikuwa anaolewa Jumamosi. Mchumba wake, Prosper, alitoka Butiama, mtoto wa Mzee Makongoro. Wageni mia nne walialikwa. Mwikwabe aliwaza jambo moja tu, mchana na usiku. Wakwe zake wasije wakala mchuzi mtupu.

*

Siku ya Jumatano alikuja Jenipher. Alikuwa binti wa jirani yao, Machage. Siku hizi alikuwa askari wa zimamoto na uokoaji huko Musoma, na alichukua likizo fupi aje kwenye harusi ya rafiki yake Matrida. Mwikwabe alimkuta amesimama katikati ya ukumbi, ametazama juu.

"Shikamoo, Baba Matrida."

"Marahaba, mwanangu. Hata wewe unaulizaga linashikiliwa na nini?"

Jenipher alicheka. "Mimi najua, baba. Nilibeba mawe ya msingi wa ukuta ule pale. Kila Ijumaa, mpaka nywele zikaniisha utosini. Lakini kila nikiingia humu moyo unanidunda. Sijaona ukumbi ninaoupenda hivi, hata Musoma mjini."

Mwikwabe alifurahi sana. Alimwonesha viti vipya, akamwonesha mahali watakapokaa maharusi. Jenipher alitazama kila kitu. Kisha akasimama. Alikuwa anaangalia magunia ya pamba.

"Baba, nyuma ya magunia haya si kuna mlango?"

"Upo. Umefungwa kufuli. Ufunguo huu hapa." Akagonga mfuko wake.

"Na Jumamosi?"

"Jumamosi ndiyo utafungwa zaidi. Wazamiaji wa huku unawajua wewe."

"Watu mia nne watakuwa humu ndani. Kukitokea hatari, watatoka wapi?"

"Si mlango wa mbele ule!" alisema Mwikwabe. "Walipoingilia ndipo watakapotokea."

"Baba, mtu anaingia polepole, mmoja mmoja, anasalimia. Akiogopa hatoki hivyo. Wote wanatoka kwa pamoja. Mlango ule unafungukia ndani. Wakiusukuma kutoka ndani, haufunguki."

Mwikwabe aliona sasa mtoto anapitiliza. Ni juzi tu alikuwa akimfukuza Jenipher huyu kwenye mapera yake.

"Mwanangu, huko mjini mnaogopaga sana. Ukumbi huu una miaka miwili. Tumefanya harusi kumi na moja na mikutano sijui mingapi. Nani ameumia?"

"Hakuna," alikubali Jenipher. "Nashukuru Mungu. Basi niruhusu kitu kimoja. Kesho kwaya wanafanya mazoezi humu. Ni watu sitini tu. Nitawaomba watoke, tupime inachukua dakika ngapi. Ukiona ni sawa, sitasema tena."

"Haya," alisema Mwikwabe. "Pima. Halafu uniache nioze binti yangu kwa amani."

*

Kesho yake mchana kwaya ilikuwa inaimba, na Matrida mwenyewe alikuwa ndani, maana aliimba sauti ya kwanza na hakutaka kuacha hata wiki ya harusi yake. Mwikwabe alisimama nje na saa yake. Mbuzi wawili wa jirani walitaka kuingia, akawafukuza, akaufunga mlango.

Ndani Jenipher aliwaeleza wanakwaya. "Nikipuliza filimbi, tokeni nje. Tembeeni tu. Msikimbie."

Alipuliza filimbi. Wazee wa kwaya walitembea. Lakini vijana waliona ni mchezo, wakakimbia huku wanacheka. Waliufikia mlango kwanza, wakausukuma. Mlango haukufunguka. Wa nyuma yao wakafika, nao wakasukuma. Kisha wa nyuma zaidi. Kicheko kilikatika.

"Mbona haufunguki?" Mwikwabe alisikia mtu akiuliza.

Akashika mlango akausukuma kuelekea ndani. Ulikuwa mzito kama ukuta. Akaweka bega. Haukusogea hata kidogo. Watu waliokuwa ndani walikuwa wameulalia, hawana pa kwenda.

"Rudini nyuma!" Jenipher alipiga kelele ndani. "Hatua tatu nyuma!" Lakini waliokuwa nyuma hawakusikia, maana wa mbele walikuwa wanapiga mayowe.

Ndipo Mwikwabe aliposikia sauti aliyoijua kuliko zote.

"Baba! Baba, fungua!"

Alikimbia. Mzee yule ambaye hata ng'ombe wakitoroka hakimbii, alizunguka ukumbi mbio mpaka mlango wa nyuma. Alitoa ufunguo mfukoni. Ufunguo ukaanguka kwenye majani, akauokota. Kufuli likafunguka. Akasukuma. Mlango uligusa magunia ya pamba ukagoma. Alisukuma tena, akapiga kwa bega, akapiga kwa mguu. Pamba ile ile aliyoilima na kuichuma kwa mikono yake ilimzuia asimfikie mtoto wake.

Alisimama pale na ufunguo mkononi. Ukumbi aliouchumbia miaka yote alikuwa anausikia unapiga kelele kwa ndani, na yeye mwenye ufunguo hakuweza kuingia. Hajawahi kuogopa vile maishani mwake, hata siku aliyokutana na kiboko kando ya ziwa.

Kisha kelele zikapungua. Jenipher alikuwa amewafikia wa nyuma na kuwavuta kwa nguo, mmoja mmoja. Nafasi ikapatikana, mlango ukafunguka, watu wakatoka. Mwikwabe alirudi mbele mbio. Mama mmoja alikuwa ameumia goti. Kijana mmoja alikuwa anatapika. Matrida alitoka na mkono wa blauzi umechanika, akamshika baba yake.

"Ni muda gani?" aliuliza Jenipher. Alikuwa anahema.

Mwikwabe alitazama saa. "Dakika tatu," alisema. Alikuwa na hakika ni saa nzima.

Alikaa chini kwenye jabali lililo mbele ya ukumbi. Jenipher alikaa karibu yake.

"Nisamehe, baba. Kosa langu. Nilitakiwa nihakikishe mlango uko wazi kabla ya kupuliza filimbi. Nimejifunza vitu hivi kazini, na bado nimekosea nyumbani."

Mwikwabe alitikisa kichwa. "Walikuwa sitini," alisema polepole. "Na hapakuwa na moto. Hapakuwa na kitu chochote. Ilikuwa filimbi tu."

"Ndiyo, baba."

"Jumamosi ni mia nne."

"Ndiyo."

Hana alileta maji, akampa mumewe, na kwa mara ya kwanza hakumtania.

"Haya, nifundishe," alisema Mwikwabe. "Nifundishe yote. Usiniachie kitu."

Jenipher alimwambia kwa maneno mepesi. Mlango wa mahali pa watu wengi unatakiwa ufungukie nje, ili anayesukuma atoke. Lazima pawe na njia zaidi ya moja, na zisikae upande mmoja. Watu wakiwa ndani, mlango hata mmoja usifungwe kwa kufuli. Njia ya kwenda mlangoni isiwe na viti, wala meza, wala magunia. Wasioweza kutembea haraka wakae karibu na mlango. Kabla sherehe haijaanza, watu waambiwe milango iko wapi, na wakitoka wakutane wapi nje ili wahesabiwe.

"Na namba ya zimamoto ni 114," alisema. "Haina malipo. Lakini kutoka Bunda mpaka hapa ni mbali, baba. Tukifika mtakuwa mmeshatoka au hamjatoka. Kitu cha kuwaokoa ni mlango wenu."

"Na yule mgeni atakayesukumwa kifuani na mlango?"

"Siku ya sherehe mlango mkubwa unaachwa wazi kabisa, umeegeshwa ukutani. Anasukumwaje na mlango ulio wazi?"

Mwikwabe alifikiri. Wazee wote wale, na yeye mwenyewe, hawakuwahi kuwaza hivyo.

*

Jioni ile ile alikwenda kwa Amos, mtendaji wa kijiji, maana ukumbi ni mali ya kijiji na mtu hawezi kugeuza mlango kwa amri yake. Amos aliita kamati. Habari za kwaya zilikuwa zimeshafika kila nyumba, hakuna aliyebisha juu ya milango. Ubishi ulikuwa juu ya pamba.

"Ghala la ushirika linavuja," alisema mjumbe mmoja.

"Linavuja nini?" aliuliza Hana, aliyekuwa mjumbe pia. "Huu ni mwezi wa saba. Mvua umeiona wapi wewe?"

Watu waliangaliana. Miezi minne waliogopa mvua ambayo ilishakwisha. Amos alianza kucheka, na wote wakacheka, hata yule mjumbe.

Ijumaa tangu alfajiri wanaume walibeba magunia kurudisha ghalani, na wakaahidiana kuziba bati kabla ya vuli. Fundi Chrispin, seremala, aling'oa milango. Alihamisha bawaba, akachonga fremu upya, na kila mlango ukafungukia nje. Kufuli la mlango wa nyuma aliliondoa kabisa. Kwa ndani aliweka komeo dogo la kufungia ukumbi ukiwa mtupu.

"Mura, jaribu," alimwambia kijana wa kwaya. Kijana alisukuma mlango kwa nguvu nyingi, maana alikumbuka jana. Mlango ulifunguka wote kwa mara moja, akaangukia nje kwenye majani. Chrispin alicheka mpaka akashika mbavu.

Yalibaki mambo mawili. La kwanza lilikuwa wazamiaji. Hana alilimaliza.

"Tutawapikia," alisema.

"Wazamiaji?" Mwikwabe alishangaa.

"Ndiyo. Ugali na dagaa, sufuria mbili, chini ya turubai kule kwenye majabali. Mtu akishiba atazamia nini? Na kwenye mlango wa nyuma asimame mjomba wake Matrida. Aone nani anaingia, lakini asizuie anayetoka."

La pili lilikuwa Bibi Nyamburi. Alipoambiwa atakaa karibu na mlango wa nyuma, alikasirika.

"Mimi ndiye bibi wa bibi harusi. Leo nimekuwa mzamiaji, nikae mlangoni?"

"Mama, miguu yako haina haraka."

"Haraka ya kwenda wapi? Mimi nimekuja kula!"

Alikubali kwa shida, na alinuna siku nzima.

*

Jumamosi, baada ya misa, watu walijaa ukumbini. Ulipambwa vitambaa vyeupe na vya bluu. Mzee Makongoro aliingia na ukoo wake kutoka Butiama, akatazama juu, na Mwikwabe alimwona akimgusa mkewe na kumwonesha paa kwa kidevu.

Mshereheshaji alitaka kuanza na vigelegele. Mwikwabe alimshika mkono.

"Kwanza sema milango."

"Mzee, utapoza sherehe."

"Ipoe. Sema."

Mshereheshaji alisema. Mlango mmoja ule mbele, mwingine ule nyuma, kukitokea jambo tembeeni, tukutane kwenye majabali. Watu wengine waliguna. Kisha muziki ukaanza.

Muziki ule uliletwa kutoka Musoma mjini. Spika zilikuwa ndefu kuliko mtu. Zilipopiga, maji yalitikisika kwenye glasi, na vifua vya watu vilitikisika, na kenchi za chuma huko juu zikatikisika. Watu walisimama kucheza. Matrida na Prosper walikuwa katikati, pale ambapo nguzo haipo.

Mwikwabe ndiye aliyeona kwanza, kwa sababu yeye huwa anatazama juu. Kwenye kona ya paa kulikuwa na kitu cheusi kinachoning'inia. Kilikuwa kinarefuka. Kilikuwa kinasogea. Akafikiri ni kitambaa, kisha akafikiri ni moshi. Kisha akakumbuka nyuki wake.

Walishuka wote kwa pamoja. Walikuwa wengi, hawahesabiki, wamekasirishwa na kishindo cha spika, na walijaa hewani chini ya bati mpaka taa zikafifia. Mwikwabe hajapata kuona kitu cha kutisha na kizuri vile. Mtu mmoja alipiga kelele, kisha mia nne.

"Tembeeni!" Jenipher alikuwa juu ya kiti, ana gauni la sherehe na sauti ya kazini. "Funikeni nyuso! Msiwapige! Milango ile!"

Mwikwabe alijibana ukutani akasubiri sauti aliyoisikia Alhamisi, sauti ya watu waliokwama. Alisubiri. Haikuja. Watu walikwenda mbele, wakatoka. Watu walikwenda nyuma, wakausukuma mlango, ukafunguka, wakatoka. Walitiririka pande mbili, akina mama na watoto mgongoni, wazee na fimbo zao, wakwe kutoka Butiama na suti zao. Wengine walikuwa wanalia kwa kuumwa na nyuki, lakini walikuwa wanatoka. Mjomba aliyewekwa kuzuia wazamiaji alikuwa ameushikilia mlango wazi kwa mgongo wake. Mwikwabe alimwona binti yake akipita na Prosper, shela limewafunika wote wawili.

Yeye alitoka wa mwisho na Jenipher. Nje aligeuka akatazama. Ukumbi ulikuwa mtupu. Viti mia nne, vitambaa vyeupe na vya bluu, nyuki kila mahali. Na wimbo ule ule ulikuwa bado unapigwa. Haukuwa umeisha.

Mwikwabe alivua kofia yake. Alisimama kwenye majani, mdomo wazi, nyuki wawili wamemuuma shavuni na hajui. Watu mia nne wametoka kabla wimbo haujaisha! Alilia pale pale, mbele ya wakwe, na hakuona haya.

Kwenye majabali kila ukoo ulihesabu watu wake. Ishirini hivi walikuwa wameumwa, na muuguzi wa zahanati alianza kuwatoa miiba. Mzee mmoja alivimba sana, akakimbizwa kwa gari Bunda, na jioni simu ikaja kwamba hajambo. Hakuna aliyevunjika. Hakuna aliyekanyagwa.

"Mama yangu yuko wapi?" aliuliza Mwikwabe ghafla.

Bibi Nyamburi alikuwa chini ya turubai. Alikuwa wa kwanza kutoka kati ya watu wote, kwa sababu alikaa karibu na mlango. Nyuki hata mmoja hakumgusa. Alikuwa anakula ugali na dagaa pamoja na wazamiaji.

"Mwanangu," alisema, "kumbe huku ndiko kwenye harusi."

Sherehe iliendelea pale nje. Wapishi walikuwa wamebaki nyuma ya jengo, upande wa upepo, na pilau lilikuwa salama. Wakwe walikula nyama mpaka wakasema basi. Jua lilipokaribia kuzama na nyuki wametulia, alikuja mfugaji nyuki kutoka kijiji cha pili na mzinga wake na moshi wake, akawahamisha taratibu. Alimwambia Mwikwabe kwamba nyuki ni baraka wakiwa kwenye mzinga, siyo juu ya vichwa vya watu. Na ule upenyo wa ukutani Chrispin aliuziba wiki iliyofuata.

"Mimi niliwaza moto," Jenipher alimwambia Mwikwabe. "Nyuki sikuwaza kabisa."

"Mlango haukuuliza," alisema Mwikwabe.

*

Jumapili asubuhi wakwe walikuja kuaga. Mzee Makongoro aliomba auone ukumbi tena, mara hii ukiwa umetulia. Mwikwabe alimfungulia. Waliingia wazee wawili peke yao. Makongoro alitembea mpaka katikati, akatazama juu.

"Mkwe," alisema, "jana sikupata nafasi ya kuuliza. Hivi paa hili linashikiliwa na nini?"

Lilikuwa swali ambalo Mwikwabe alilijibu mara mia, na kila mara alinyoosha kidole juu. Safari hii hakutazama juu. Alimshika mkwe wake mkono, akampeleka mpaka nyuma, kwenye mlango uliorudishwa tu, bila kufuli. Akatoa kidole kimoja, akausukuma.

Mlango ulifunguka. Nje kulikuwa na majani yaliyokanyagwa na miguu ya watu mia mbili, na mwanga wa asubuhi ukaingia mpaka katikati ya ukumbi.

"Paa ni kenchi tu. Ona mlango, mkwe," alisema Mwikwabe kwa sauti ndogo. "Kwa kidole kimoja."